Agano la Kale na Agano Jipya: nini kimepita, nini kimebaki?

Katika ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio baada ya vipindi vya dini, maswali matatu hayaishi. Msikilizaji mmoja anauliza kwa nini mchungaji wake anakula nguruwe wakati Biblia imekataza. Wa pili anataka kujua tunasalije Jumapili ikiwa amri inataja Sabato. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni mkulima, anauliza kama ni lazima kutoa fungu la kumi la mavuno hata mwaka ambao mvua imekata mapema.

Ukiyaangalia vizuri, maswali hayo ni swali moja. Yote yanauliza hivi: katika yale ambayo Mungu aliagana na Waisraeli kupitia Musa, yapi yanamfunga Mkristo ambaye anaamini kwamba Mungu ameagana na watu wote kupitia Yesu? Makala hii inaeleza maagano hayo mawili ni nini, yalitoka wapi, na kwa nini makanisa yanayosoma Biblia ile ile hayaelewani juu yake. Anayeandika ni mtangazaji, si padri wala mchungaji, kwa hiyo hutaambiwa hapa dhehebu gani liko sawa. Nimeweka sura na mistari ili ufungue Biblia mwenyewe.

Neno agano

Siku hizi tukisema watu wameagana, wengi wanawaza kituo cha mabasi cha Mbagala Rangi Tatu, mtu anapunga mkono dirishani. Lakini kuagana kuna maana nyingine, nayo ni kupatana. Tumeagana tukutane sokoni asubuhi. Tumeagana bei. Ni ahadi ya pande mbili, na Waswahili tunasema ahadi ni deni.

Kwa Kiebrania, lugha ambayo sehemu kubwa ya Agano la Kale iliandikwa, neno ni "berit", na kitenzi kinachokwenda nalo ni kukata. Watu walikuwa wanakata agano. Sababu yake inaonekana katika Mwanzo 15. Ibrahimu, wakati huo akiitwa bado Abramu, anaambiwa alete mtamba, mbuzi na kondoo dume, anawapasua katikati na kupanga vipande vikitazamana. Kwa desturi ya nchi zile, wanaoagana hupita katikati ya vipande, kana kwamba kila mmoja anasema na mimi nifanywe hivi nikivunja neno langu. Yeremia 34:18 inaitaja desturi hiyo waziwazi. Jambo la kushangaza katika Mwanzo 15 ni kwamba Ibrahimu hapiti. Yeye amelala usingizi mzito, na kinachopita katikati ya nyama ni tanuri ya moshi na mwenge wa moto. Wafafanuzi wengi wa Kikristo wanasema hapo Mungu alijifunga peke yake.

Kwa sisi huku, mfano wa karibu ni undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio ndugu walichanjwa, wakaonjana damu, na kuanzia siku ile mmoja hawezi kumdhuru mwenzake wala watoto wake. Mtu hakuwa na karatasi ya kumpeleka mwenzake mahakamani. Alikuwa na damu.

Linganisha na mkataba. Kila aliyesoma historia shuleni anamkumbuka Mangungu wa Msovero, huko Kilosa, ambaye mwishoni mwa 1884 aliwekeana mkataba na Mjerumani Carl Peters. Karatasi iliandikwa kwa lugha ambayo Mangungu haisomi, na ardhi ikaenda. Huo ni mkataba: maneno yaliyoandikwa, na mwenye kalamu ana nguvu. Agano katika Biblia linataka kitu kingine. Linataka wanaoagana wawe ndugu, na ndiyo maana manabii wanapolalamika kwamba Israeli imevunja agano wanatumia lugha ya ndoa iliyoharibika, kama Hosea anavyofanya kitabu kizima.

Maagano ni mengi kuliko mawili

Tunasema mawili kwa ufupi tu. Biblia inataja agano na Nuhu na kila kiumbe baada ya gharika, ishara yake upinde wa mvua (Mwanzo 9). Kuna agano na Ibrahimu, ishara yake tohara (Mwanzo 17). Kuna agano na Daudi kuhusu uzao wake na kiti chake cha ufalme (2 Samweli 7). Lakini lile ambalo Wakristo hulimaanisha hasa wanaposema la kale ni la Mlima Sinai. Katika Kutoka 24 Musa anatia nusu ya damu ya ng'ombe katika mabakuli na nusu anainyunyiza madhabahuni. Anawasomea watu kitabu cha agano, wanaitikia kwamba watatii, kisha anawanyunyizia ile damu iliyobaki. Sheria zinazofuatana na agano hilo ni nyingi. Walimu wa Kiyahudi wanazihesabu 613. Kumi tunazijua. Zile 603 nyingine zinahusu sadaka, ukoma, mirathi, mavazi, vyakula, mashamba, hata ukuta wa kuzunguka paa la nyumba ili mtu asianguke.

Kisha likaja anguko. Mwaka 586 kabla ya Kristo, au 587 kwa hesabu za wengine, Wababeli waliteketeza Yerusalemu na Hekalu. Yeremia aliyaona hayo kwa macho yake, na katika kitabu chake, sura ya 31 kuanzia mstari wa 31, ndipo maneno "agano jipya" yanapotokea kwa mara ya kwanza katika Biblia. Anasema litakuwa tofauti na lile la siku za kutoka Misri. Sheria itaandikwa moyoni, mtu hatahitaji jirani yake amfundishe kumjua Mungu, na dhambi hazitakumbukwa tena. Angalia aliahidiwa nani: nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Mataifa hawatajwi katika mistari ile, jambo ambalo lilileta kazi kubwa baadaye.

Wakristo wanaamini ahadi hiyo ilitimia usiku wa mwisho kabla ya Yesu kukamatwa, alipochukua kikombe na kukiita agano jipya katika damu yake (Luka 22:20, na 1 Wakorintho 11:25). Waliokaa mezani walikuwa Wayahudi. Kwao damu na agano katika sentensi moja ilimaanisha Musa na yale mabakuli. Barua kwa Waebrania, sura ya 8, inayanukuu maneno ya Yeremia karibu yote, kisha inasema kwamba kuitwa jipya kunalifanya lile la kwanza liwe limechakaa. Sura inayofuata inafanya jambo jingine la kuvutia. Neno la Kigiriki kwa agano, "diatheke", lina maana pia ya wasia, na mwandishi anatumia maana zote mbili: wasia haufanyi kazi mpaka aliyeuandika afe (Waebrania 9:16-17). Kila familia iliyogombania shamba baada ya mazishi inaelewa.

Kitabu ni kimoja, agano ni jingine

Hapa ndipo mabishano mengi ya kijiweni yanapokwama. "Agano la Kale" ni jina la vitu viwili. Ni uhusiano ule wa Sinai, na pia ni sehemu ya kwanza ya Biblia: vitabu 39 kwa Waprotestanti, 46 kwa Wakatoliki, huku Agano Jipya likiwa na vitabu 27 kwa wote wawili. Mtu akisema agano la kale limepita, jirani yake anasikia kwamba kitabu cha Zaburi kimefutwa. Kumbe Mwanzo yote na nusu ya Kutoka zinasimulia mambo ya kabla ya Sinai, na Ibrahimu aliishi pasipo amri kumi. Paulo anajenga hoja yake hapo hapo: ahadi kwa Ibrahimu ilitangulia sheria kwa miaka 430, na kilichokuja nyuma hakiwezi kufuta kilichotangulia (Wagalatia 3:17).

Aliyewahi kujaribu kukitupa kitabu chenyewe ni Marcion, mtu wa pwani ya Bahari Nyeusi, ambaye alitengwa na kanisa la Roma mwaka 144. Alifundisha kwamba Mungu wa Musa si yule Baba wa Yesu. Makanisa yote makubwa ya leo yanahesabu fundisho hilo kuwa uzushi.

Katika Kiswahili majina haya mawili tumeyapata kwa watafsiri. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844. Askofu Edward Steere na wenzake wa misheni ya UMCA walifanya kazi yao Zanzibar, pale Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Biblia inayosomwa sana makanisani kwetu, Union Version, ilitoka nzima mwaka 1952. Binafsi naona neno "agano" limetufaa kuliko neno walilorithi Wazungu kutoka Kilatini, ambalo masikioni mwao linasikika zaidi kama wasia wa marehemu.

Tohara, na safari ya Kakungulu

Swali la kwanza la kanisa lilikuwa la mwilini kabisa. Mtu wa mataifa akimwamini Yesu, atahiriwe? Tohara ilikuwa ishara ya agano la Ibrahimu, na Mwanzo 17 inasema ni ya milele. Karibu mwaka 49 mitume na wazee walikutana Yerusalemu, na mjadala umeandikwa katika Matendo 15. Uamuzi: wasitwishwe mzigo huo. Waliombwa wajiepushe na mambo manne tu, yaani vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati.

Mvulana Mkristo wa Kizaramo au Kimakonde anayetahiriwa leo, iwe jandoni au hospitalini, anafanya hivyo kwa mila au kwa afya. Jirani yake Mwislamu anafuata sunna inayomrudisha kwa Nabii Ibrahimu. Kisu ni kile kile, sababu zinatofautiana.

Lakini Afrika Mashariki ina mtu aliyeisoma Mwanzo 17 na kukataa jibu la Matendo 15. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda, Mkristo wa Kiprotestanti, aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda. Alitumaini kufanywa mfalme kule. Hakupewa, akabaki na uchungu. Alijiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo lililokuwa linakataa dawa za hospitali na kushika Sabato. Alikuwa na Biblia ya Kiganda, ambayo ilikamilika mwaka 1896, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuona kwamba amri za Musa hazijafutwa. Alipotaka tohara, wenzake walimwonya kuwa hiyo ni ya Wayahudi. Inasimuliwa kwamba alijibu: basi sisi ni Wayahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe.

Hakuwa amefundishwa na Myahudi yeyote. Alifika huko kwa kusoma. Alikufa mwaka 1928, lakini watu wake, Abayudaya, wapo mpaka leo karibu na Mbale. Idi Amin aliwapiga marufuku katika miaka ya 1970. Waliobaki wakaendelea kusali kwa siri. Ukitaka kuona kwamba swali la maagano si la vitabuni tu, tazama milima ya Mbale.

Ethiopia nako walichukua njia ya katikati. Kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo linatahiri watoto wa kiume, haliruhusu nguruwe, linaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili, na linaamini kwamba Sanduku la Agano lenyewe limehifadhiwa mjini Aksum. Waumini wake hawajioni kuwa wamerudi kwa Musa. Wao wanamkiri Kristo na kuona mila hizo ni urithi.

Na Wayahudi wenyewe? Kwa karne nyingi Wakristo wengi walifundisha kwamba Mungu amewaacha, na fundisho hilo lilizaa mateso makubwa Ulaya. Warumi 11 inakataa, na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwa Wakatoliki kwamba Wayahudi bado ni wapendwa wa Mungu. Makanisa mengine yana misimamo mingine, na mahubiri ya siku hizi kuhusu nchi ya Israeli ni habari ndefu inayotaka makala yake.

Kitimoto

Twende kwenye sahani. Mambo ya Walawi 11 inakataza nguruwe kwa sababu ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Sura hiyo hiyo inakataza sungura, na pia kila kilicho majini kisicho na mapezi na magamba. Kwa hiyo anayehubiri dhidi ya kitimoto kwa kutumia Walawi 11 aangalie na kambare aliyempeleka nyumbani jana, maana kambare hana magamba. Kamba na kaa wa pwani wamo pia.

Wakristo wanaokula nguruwe wanaelekeza kwenye Marko 7:19, na maono ya Petro ya shuka yenye wanyama wa kila aina katika Matendo 10. Wasiokula, hasa Waadventista Wasabato, wanajibu kwamba maono yale yalihusu watu. Petro mwenyewe anasema hivyo katika Matendo 10:28. Wanaongeza kwamba Nuhu alijua wanyama safi na wasio safi kabla Waisraeli hawajakuwapo (Mwanzo 7:2). Hoja zote mbili zimo katika maandiko, na Paulo aliandika Warumi 14 nzima ili anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

Mtu asidhani ni mzaha. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza uligeuka mapigano na mchungaji mmoja akauawa. Kwa miaka mingi Wakristo wengi wa Tanzania wamekula nyama iliyochinjwa na Waislamu bila neno, na 1 Wakorintho 10:25 inawaruhusu kununua sokoni pasipo kuuliza. Huku Temeke, ambako misikiti na makanisa yanapakana, mwenye sherehe humwita jirani Mwislamu achinje ili wote wale chungu kimoja.

Jumamosi au Jumapili

Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa. Biblia inasema Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma. Mwenye Kiswahili anatazama majina: Jumamosi, mosi ni moja, basi siku ya kwanza ni Jumamosi! Nimewahi kusikia hoja hiyo ikitolewa kwa sauti kubwa sana. Lakini majina yetu yanahesabu kuanzia baada ya Ijumaa, kwa desturi ya pwani ya Kiislamu. Wayahudi wanahesabu kuanzia baada ya Sabato, na Sabato ni Jumamosi. Siku yao ya kwanza ni Jumapili yetu. Ushahidi uko katika wiki yetu wenyewe: tuna Jumatano, ya tano kwa hesabu ya Kiswahili, halafu inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Na Jumamosi kwa Kiarabu ni "as-sabt", ndugu wa neno Sabato.

Kwa hiyo hakuna ubishi mkubwa kwamba Sabato ya Biblia ni Jumamosi. Ubishi ni kama bado inadai. Waadventista Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903 kupitia wamisionari Wajerumani na kuenea nchi nzima, wanasema Sabato haikuzaliwa Sinai. Ilikuwapo tangu uumbaji (Mwanzo 2:2-3) na imo katika amri kumi, kwa hiyo haikupita na agano la kale. Walio wengi wanasema Wakristo wa kwanza walikusanyika siku ya ufufuo (Matendo 20:7), na kwamba Wakolosai 2:16 inaweka sabato pamoja na sikukuu na mwandamo wa mwezi katika mambo ambayo mtu asihukumiwe kwayo. Amri ya Kaisari Konstantino ya mwaka 321 iliifanya Jumapili siku ya mapumziko katika dola ya Roma; Wasabato wanaiona hapo ndipo badiliko lilipotiwa muhuri, wengine wanaona ilikubali tu kilichokuwa kinafanyika.

Nyuma ya mabishano haya kuna mgawanyo wa zamani ambao Thomas Akwino aliueleza katika karne ya 13 na Waprotestanti wengi wakaufuata. Sheria za Musa ni za aina tatu: za maadili, kama usiue, za ibada, kama sadaka za wanyama, na za utawala wa taifa la Israeli. Za maadili zimebaki, nyingine zimetimizwa. Ni mgawanyo unaosaidia, ingawa Biblia yenyewe haizitenganishi kwa mistari, na ugumu unaanza pale unapouliza Sabato iwekwe fungu gani.

Maagano ya ukoo

Hili halimo katika maswali matatu ya mwanzo, lakini linakuja zaidi kila mwaka. Wahubiri wa maombezi wanafundisha kwamba babu zako waliagana na mizimu kwa damu ya mnyama au kwa tambiko, na agano hilo linakufunga wewe uliye hai: huolewi, biashara haisimami, mimba zinaharibika. Dawa ni kulivunja kwa maombi, na mara nyingine kwa sadaka maalumu.

Wanaofundisha hivyo wanashika Kutoka 20:5, inayosema uovu wa baba hufuatiliwa hadi kizazi cha tatu na cha nne. Wana na 2 Samweli 21, ambapo njaa ya miaka mitatu ilikuja kwa sababu Sauli alivunja agano ambalo Yoshua aliwapa Wagibeoni vizazi vingi nyuma. Si hoja ya kubuni. Lakini fungua tena Yeremia 31, ile sura ya agano jipya, na usome mistari miwili kabla. Nabii anasema siku inakuja ambayo watu hawatasema tena kwamba baba walikula zabibu kali na meno ya watoto yakafa ganzi. Kila mtu atabeba dhambi yake. Ezekieli 18 inarudia jambo hilo sura nzima. Wachungaji wengi wa makanisa ya zamani, na baadhi ya Wapentekoste, wanasema kwa Mkristo mjadala unaishia hapo.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kinachofuata baada ya maombi. Mtu akiambiwa kuna aliyeagana na giza katika ukoo, anaanza kumtafuta, na mara nyingi anampata bibi mzee anayeishi peke yake. Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe wengi kwa tuhuma za namna hiyo. Hakuna mstari wowote, wa kale wala mpya, unaomruhusu mjukuu kumgusa bibi yake. Ukiona familia inaelekea huko, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi mapema.

Fungu la kumi

Turudi kwa mkulima. Katika agano la Musa, zaka ilikuwa ya mazao ya nchi na mifugo: nafaka, matunda, na kila mnyama wa kumi anayepita chini ya fimbo ya mchungaji (Mambo ya Walawi 27:30-32). Walipewa Walawi kwa sababu kabila hilo halikugawiwa ardhi (Hesabu 18:21-24), nao Walawi wakatoa sehemu ya kumi ya walichopokea. Kumbukumbu la Torati 14:22-29 inaongeza jambo ambalo ni nadra kulisikia kwenye mahubiri ya sadaka: mwenye zaka anakwenda nayo mahali pa ibada na kuila kwa furaha pamoja na jamaa yake. Kama ni mbali, auze, abebe fedha, anunue huko anachopenda. Na kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini kwao, kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane.

Mstari unaosomwa zaidi ni Malaki 3:10, kuhusu kuleta zaka ghalani na madirisha ya mbinguni. Wanaosema zaka bado inadai wanaongeza kwamba Ibrahimu alimpa Melkizedeki sehemu ya kumi kabla ya Musa (Mwanzo 14:20), na Yesu hakuikataza (Mathayo 23:23). Wanaosema imepita wanajibu kwamba Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70, Walawi hawahudumu tena, na Paulo alipochangisha hakutaja sehemu ya kumi. Alisema kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, pasipo kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7), kwa kadiri ya alicho nacho (8:12). Wasabato na Wapentekoste wengi wanafundisha sehemu ya kumi kamili. Kwa Wakatoliki zaka imo katika amri za Kanisa, na kiasi kinafuata uwezo wa mtu. Makanisa kadhaa yanaomba pia malimbuko, ambayo katika Kumbukumbu 26 ni kapu la mazao ya kwanza. Siku hizi linaweza kutafsiriwa kuwa mshahara mzima wa Januari, na hilo si jambo lililoandikwa.

Kwa aliyeuliza kuhusu mvua: hata kwa hesabu kali kabisa ya Musa, zaka ilitoka katika kilichovunwa. Shamba likitoa magunia mawili, fungu la kumi ni debe moja na kidogo. Likikauka lote, hakuna wa kudaiwa. Swali la kama utoe kabla au baada ya kuondoa gharama za mbolea na vibarua, maandiko hayalitaji, na makanisa yanajibu tofauti. Muulize mzee wa kanisa lako sasa, kabla mahindi hayajaingia ghalani.